Mahari Gani?

Nimestaafu! Naandika neno hilo na bado linanichekesha, maana tangu nirudishe ufunguo wa chumba cha ushauri sijakaa chini hata siku moja. Nyinyi vijana mliobaki idarani mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu, mkaongeza, kwa heshima zote, kwamba nisiwe mrefu. Mmechelewa. Mtu aliyekaa miaka ishirini na moja akisikiliza wengine, siku akipewa nafasi ya kusema hanyamazi upesi.

Habari za vyeo nitaziruka. Vilikuwa vichache na vilikuja vikichechemea. Nitawaeleza habari za ungo wa maharagwe, za Bi Zainabu aliyenifundisha kazi, na za neno moja nililolisikia vibaya, nusura nimpoteze mtu.

Mimi sikuanza maisha nikiwa mshauri. Nililelewa Navakholo, na kibarua changu cha kwanza kilikuwa kupalilia miwa. Huko niligundua kwamba watu wakiwa kwenye mstari mmoja, kila mtu macho kwenye jembe lake, husema mambo ambayo hawangeyasema wakitazamana. Baadaye nikajifunza cherehani, nikakaa miaka saba kwenye baraza la duka moja kule Butali, nikiwashonea wake za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Mwanamke ukisimama nyuma yake na utepe wa kupimia, unajua ya nyumbani kwake kabla hujafika mabegani. Nilidhani nashona nguo. Kumbe nilikuwa darasani!

Kisha nikawa matroni wa shule ya bweni ya wasichana. Kule nilijua kwamba msichana anayeumwa na tumbo kila Jumapili ya wazazi kutembelea watoto, shida yake haiko tumboni. Wauguzi wa zahanati ya shule walimpa dawa ya minyoo. Mimi nilimpa chai na stuli ya kukalia karibu na meko, na kabla kikombe hakijaisha alikuwa ameshasema.

Nilipoingia chuo kusomea ushauri nasaha nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Siku ya kwanza nilipofungua mlango wa darasa, wanafunzi wote walisimama wakidhani mimi ndiye mhadhiri. Niliwaacha wasimame kidogo.

Chumba nilichopewa hospitalini kilikuwa stoo ya magodoro. Walitoa magodoro, wakaacha harufu. Nilikuwa na viti viwili vilivyotazamana, meza, saa ya ukutani na karatasi laini za kupangusa machozi. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja, mkata miwa kutoka Butali. Mwenzake aliumia vibaya shambani yeye akiwa karibu, na tangu siku hiyo alikuwa hasemi nyumbani. Vitabu vilisema nikae mbele yake, nimtazame kwa upole, nisiogope kimya. Basi tulikaa. Dakika hamsini! Nilimtazama kwa upole mpaka shingo ikauma. Yeye alitazama saa.

Wiki iliyofuata mkewe alimrudisha kwa nguvu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepitia sokoni, na maharagwe yangu yalikuwa kwenye ungo chini ya meza nikisubiri kuyachambua saa ya chakula. Sijui ni nini kilichonisukuma. Niligeuza viti vikae ubavu kwa ubavu, nikaweka ungo katikati, nikaanza kutoa mawe na punje zilizooza. Yule mzee alitazama vidole vyangu muda mrefu, kisha akaingiza vyake.

"Mama, hii maharagwe ni ya mwaka jana," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. "Umeuziwa vibaya."

"Nani alijua?" nikamjibu.

"Mtu anaangalianga kwanza." Akachambua kidogo. "Hata mimi siku hiyo singeangalia upande ingine. Ningeangalia mwenzangu."

Akaendelea mpaka saa ikapita, na mimi moyo wangu ukiruka kwa furaha kama wa mtoto. Jembe la Navakholo na utepe wa Butali vilikuwa vimeingia nami ofisini bila kualikwa, na vilifanya kazi!

Sasa niwaeleze habari za Bi Zainabu. Alikuwa muuguzi wa zamani kutoka Mumias, mkubwa wetu idarani, na kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana alisoma madaftari yetu mstari kwa mstari. Kiswahili chake kilinyooka. Mimi alinicheka kila siku, maana kwetu l na r ni mapacha wasiotofautishwa hata na mama yao: tunakula "wari" na tunaenda "kurara". Alipouona ungo kwa mara ya kwanza alisimama mlangoni.

"Assalamu alaikum. Mama Edina, hii ni ofisi au jiko?"

"Ni ofisi, Bi Zainabu."

"Na maharagwe yanafanya nini ofisini?"

"Yanasikiliza."

Alinikazia macho, akaketi ili anikaripie vizuri, na mkono wake ukaingia ungoni wenyewe. Baada ya dakika kumi alikuwa ameshanieleza habari zote za mama yake aliyekuwa hawezi kutembea tena. Akainuka, akajikung'uta. "Haya. Lakini usiyapike humu," akasema, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipoanza kuvimba kichwa. Wateja walikuwa wakifunguka, na kila mara nilikuta kipande cha maisha yangu kinachofanana na shida yao. Mjane akija, nilikuwa nimeishi na dada mjane. Mama wa mtoto msumbufu akija, nilikuwa nimelea wasichana mia mbili. Nilipenda sana kusema "najua". Bi Zainabu aliniambia, "Ulipitia lako, mwanangu. Hili ni lake." Nilimwitikia vizuri, na keshoye nikarudia palepale.

Katika mwaka wangu wa tano akaja mwanamke nitakayemwita Nanjala. Jina si lake, lakini habari ni zake, naye ndiye aliyeniambia niwaeleze. Zahanati ilimtuma kwa sababu ya maumivu ya kichwa yasiyokubali dawa. Mumewe alikuwa amefariki, shemeji zake wakachukua shamba la miwa na kumwambia arudi kwao. Alirudi kwa kaka yake Navakholo pamoja na binti yake wa darasa la tatu, wakawa wanalala jikoni. Mara mbili za kwanza alichambua maharagwe na kusema machache. Mara ya tatu, Alhamisi asubuhi, alisema hivi:

"Mama, mimi sina mahari. Kwa bwana wanajua. Kwetu wanajua. Mtu hana mahari, ataenda wapi?"

Jamani, niliruka! Kwa maana hapo alikuwa amegusa kidonda changu mwenyewe. Mimi sikutolewa mahari. Mume wangu ni mtu mwema, nasi tumezeeka pamoja, lakini ng'ombe hawajafika kwetu mpaka leo; husema bado anatafuta wenye rangi itakayonipendeza. Leo nacheka. Siku ya mazishi ya mama mkwe wangu sikucheka, nilipotumwa kuchochea moto wakati wake za shemeji zangu walikaa na familia, na shangazi mmoja akasema kwa sauti kwamba mimi bado ni mgeni. Nililia nyuma ya choo. Kwa hiyo Nanjala alipotamka neno lile, sikumsikia yeye tena. Nilijisikia mimi.

"Nanjala, najua!" nikamwambia. "Hiyo ni jambo ya wazee kukaa chini wamalize. Mahari haiwezi kukumaliza wewe! Wiki ijayo kuja na ndugu yako, tuiongelee."

Akatoa jiwe moja kwenye ungo. "Sawa, mama. Asante."

Kisha akachambua maharagwe yote. Hakuna mteja aliyewahi kuyamaliza. Aliyakusanya katikati ya ungo, akaweka mezani, akayafunika na leso yangu. Nilipochukua kalamu niandike siku ya kurudi, akanishika mkono polepole.

"Usiandike tarehe, mama. Usijisumbue."

Nilidhani safari ndiyo inayomsumbua. Nikaandika daftarini: *Tatizo ni mahari kutolipwa.* Nikapiga mstari chini yake, nikajiona fundi kwelikweli.

Baada ya chakula Bi Zainabu akaniita. Daftari langu lilikuwa wazi mbele yake.

"Hapa hapana tarehe ya kurudi."

"Alisema nisijisumbue."

Akaweka kalamu chini. "Alisema nini kingine? Nipe maneno yake, si yako."

Nikamrudishia neno kwa neno, pamoja na lile la mtu hana mahari, ataenda wapi. Akakunja uso. "Mahari na kwenda vinahusiana nini? Mtu haendi kwenye mahari. Mtu huenda mahali." Akanigeuzia daftari. "Mama Edina, hebu tamka hilo neno la mwisho."

"Mahari," nikasema.

Akacheka, nami nikacheka, maana huo ulikuwa mchezo wetu wa kila siku. Halafu kicheko kikatukatikia wote wawili.

Mtu wa Pwani asingekosea. Hata kama sikio lingemdanganya, angesaidiwa na neno linalofuata, maana yeye husema mahali *pangu* na mahari *yangu*. Sisi wa huku kila kitu ni *yangu*, na vyote viwili ni *mahari*. Nilizaliwa ndani ya lugha hiyo. Nilipaswa kuwa mtu wa kwanza kuuliza.

"Hana mahali," Bi Zainabu akasema polepole. "Kwa mume hana, kwao hana. Amemaliza kazi yake, ameifunika, amekataa tarehe. Na wewe umemwambia alete wazee."

Sikumbuki kama niliaga. Nakumbuka niko juu ya bodaboda, vumbi la barabara ya murram mdomoni, nikimhimiza dereva mpaka akaniuliza kama kuna mtu anajifungua. Hofu niliyokuwa nayo siwezi kuipamba. Niliomba kwa sauti njia nzima, na dereva akaitikia amina.

Nilifika jua likiwa bado juu. Wifi yake, mke wa kaka, alinipokea uani uso ukimeremeta.

"Mulembe, mama! Karibu. Leo dada ameamka vizuri sana. Amenigawia mpaka sufuria zake!"

Mtu hagawi sufuria anazotarajia kupikia kesho; nikampita mbio. Nanjala alikuwa nyuma ya jiko. Nguo za shule za bintiye zilikuwa zimekunjwa na kupangwa kando, na yeye anapukuchua mahindi, ametulia kabisa. Sikumkalia mbele. Nilikaa chini ubavuni pake, nikachukua gunzi lenye mahindi nikaanza kupukuchua, punje zikirukia huku na huku.

"Nanjala, nimekuja kwa sababu nilikusikia vibaya. Ulisema mahari gani? Ya ng'ombe, ama ya kukaa?"

"Ya kukaa, mama. Ya ng'ombe ililipwanga yote. Ndugu yangu alioa na hizo ng'ombe. Ndio maana siwezi kumuuliza kitu."

"Unafikiria kujiua?" Nilimwuliza waziwazi hivyo hivyo. Nyinyi mnaoogopa swali hilo, msiliogope. Halimpi mtu wazo ambalo hana, na mwenye nalo humwondolea mzigo wa kulibeba peke yake.

Alimaliza gunzi lake. "Nilikuwa nimesema leo," akasema. "Lakini nimefikiria, mama, nikikufa watanizika wapi? Kwa bwana wamekataa. Hapa, msichana mwenye aliolewa hazikwangi ndani ya boma. Hata ya kufa sina mahari."

Nikamshika. Tulilia wote wawili, na kama kuna kitabu kinachokataza, sikukifungua siku hiyo. Nikamwambia siondoki bila yeye, na kwamba kuna mtu mmoja ningependa kumwita kama atakubali. Akakubali. Wifi yake akakimbia kumtafuta kaka, Makokha, aliyekuwa shambani mwa miwa.

Makokha alikuja na panga mkononi na jasho usoni. Nilikuwa nimepanga hotuba kali kuhusu mila na wajane. Bahati nzuri niliimeza. Asubuhi ile nilikuwa nimeshatoa hotuba moja, na mliona ilikotufikisha.

"Makokha," nikasema, "dada yako anauliza, mahari yake iko wapi?"

Akawaka. "Mahari? Ng'ombe zililipwa zote! Anataka gani tena?"

Na mimi, pamoja na hofu yangu yote, nusura nicheke. Ulimi ni uleule! Nikaubana, nikautamka kama Bi Zainabu angetamka, l nzito mpaka ikaniuma: "Si ng'ombe. Ma-ha-li. Mahali ya kukaa."

Makokha akaweka panga chini. Alimtazama dada yake, akatazama zile nguo zilizokunjwa, nadhani ndipo alipoelewa nilichokuja kufanya. Alipita nyuma ya mti wa avokado, ndani ya ua, akasimama kwenye kipande kilichoota nyasi huku pande zote kumelimwa.

"Hapa," akasema. "Sijalima hapa tangu urudi. Ni ya wewe kujenga. Nilikuwa nangoja uniombe."

"Mimi nilikuwa nangoja uniambie," Nanjala akajibu.

Miezi minane! Watu wawili wanakula obusuma, ugali wetu, kwenye sahani moja, kila mmoja anamngoja mwenzake, na nyasi zinaota katikati yao.

Msifikiri kipande cha ardhi kilimponya. Tuliondoka pamoja alasiri hiyo hadi hospitali, wifi yake akakaa naye, daktari akamwona, na baada ya hapo alikuja kwangu kila wiki mpaka mwaka ukapita. Siku nyingine alikuja vizuri, siku nyingine alikuja ameinama. Lakini alikuwa akikubali tarehe.

Nami nilirudi kwenye daftari nikakata ule mstari. Bi Zainabu hakunigombeza. Alinitengenezea chai, jambo lililoniumiza zaidi. Maisha yangu ndiyo yaliyonipa ungo, ndiyo yaliyonifundisha kukaa ubavuni. Na ni maisha hayohayo yaliyoniziba masikio. Nilimwambia Bi Zainabu kwamba pengine kazi hii inamfaa mtu asiyepitia lolote. "Huyo hatasikia kabisa," akasema. "Wewe unasikia, ila unajibu haraka. Uliza kwanza."

Tangu siku hiyo nimeuliza. Mtu akisema amechoka, nauliza kuchoka gani. Akisema nyumbani, nauliza nyumbani gani. Najua mlikuwa mkiniita Mama Gani mkidhani sisikii. Ni jina zuri kuliko yote niliyowahi kupewa, na yule aliyelianzisha (unajijua) nakuachia ungo.

Basi, siku yangu ya mwisho. Mlikuwa mnapanga viti vya sherehe, nami nilikuwa chumbani natoa misumari ya saa ukutani, niliposikia sauti kwenye korido. Mwanamke anapiga kelele kama yuko sokoni, na mlinzi anamfuata akimsihi. Nanjala! Amenenepa, kilemba kichwani, mfuko wa maharagwe mkononi.

"Mama!" akaita kutoka mbali. "Mama, niko na mahari!"

Raha iliyoje! Nikamkumbatia, na kwa ufundi wangu wote wa miaka ishirini na moja nikamjibu, "Najua, Nanjala! Nyuma ya avokado! Makokha aliniambia ulishapiga bati."

Akajitoa mikononi mwangu, akanitazama, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Mahari gani, mama? Si uulize kwanza!"

Nikamwuliza: "Mahari gani?"

"Ya ng'ombe!" Machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa bado anacheka. "Msichana wangu anaolewa. Baba zake wadogo, hao hao wenye walinifukuza, wanakuja kupokea ng'ombe. Kwanza walisema wageni wapeleke kwao. Msichana akakataa. Akasema, mahari yangu italetwa kwa mama. Sasa watakuja, mama. Watapiga hodi. Watakaa kwa kiti yangu, kwa nyumba yangu, na mimi ndio nitawapikia ingokho, kuku ya heshima!"

Nilikaa juu ya meza, maana viti mlikuwa mmeshavibeba. Nililia bila aibu yoyote. Yeye akaufungua mkoba wangu mwenyewe bila kuniuliza, akatoa kalamu na daftari, akaniwekea mapajani.

"Andika tarehe, mama," akasema.

Nikaandika.